Maji ya Betri

Siwema, mtoto wa dada yangu, kidato cha tatu,
amekalia betri ya lori iliyokufa
hapa Gerezani, anasubiri nauli ya kurudi Kitunda,
ananisomea daftari kwa sauti ya kukariri:
Zuhura ni sayari ya pili kutoka kwenye jua.
Ukubwa wake unakaribia sana wa dunia.

Mimi nina sufuria juu ya mkaa,
nayeyusha risasi ya betri kuukuu
nisubu vichwa vipya.

"Joto lake nyuzi mia nne sitini na kitu."
Soma tena, nikamwambia. Akasoma tena.
Akageuza daftari, nyuma, kwenye kemia:
risasi inayeyuka kwenye mia tatu ishirini na saba.
"Mjomba, huko usingenunua mkaa."

Ningeweka sufuria chini, nikangoja.
Hata usiku, maana usiku wake haupoi.
Ni hewa ya ukaa tupu, blanketi lisilo tundu,
kama chumba cha Februari umeme umekatika
na mwenye nyumba kaziba dirisha.

Nzito kiasi gani?
Mara tisini ya hii tunayovuta hapa,
ambayo nayo, kwa moshi huu, si nyepesi.
Chukua ghorofa refu kuliko yote mjini,
lipandishe juu ya wenzake mara sita,
jaza maji mpaka juu,
kisha simama chini.

Halafu likaja la mawingu.
"Mawingu yake ni ya asidi ya salfuriki."
Nikaweka koleo.
Hiyo naijua kwa jina la nyumbani:
maji ya betri.
Imekula magoti ya suruali zangu tatu.
Kidole hiki hakina alama, hata benki walishangaa.
Kumbe ile nyeupe ya alfajiri
ninayoiona juu ya winchi za bandari nikifungua kibanda
inang'aa kwa maji ya betri.

Na mvua yake haifiki.
Inaanguka, inakauka njiani,
kama malipo ya mteja wa Jumamosi.

Jua huko linachomoza magharibi.
Sayari inajigeuza kinyumenyume, kwa uvivu,
unatimiza mwaka kabla haijamaliza kujigeuza mara moja.
Siwema akacheka. Mimi nilicheka kidogo.

Mama yangu aliitwa Zuhura.
Mtoni kwa Aziz Ali nzima ilisema anang'aa.
Zamu yake ilikuwa ya usiku, kiwanda cha nguo;
watu wakienda kazini yeye ndiyo anarudi,
pamba kwenye nyusi, anasalimia kila mlango,
jua lake limetoka upande wake.
Walimsifu kwa mbali.
Sikumbuki aliyeuliza chini ya mwanga ule kuna uzito gani.
Hata mimi.

"Warusi walishusha vyombo," Siwema anaendelea,
"kimoja kikadumu saa mbili na dakika saba, kikafa kwa joto."
Vilituma picha: mawe bapa,
rangi ya chungwa, ukingo wa chombo chenyewe.
Basi.
Nilikaa na mama miaka kumi na tisa.
Picha nilizonazo ni chache kuliko za Warusi.

Kuna jambo moja, anasema, mwalimu hakulimaliza.
Kwenye vilele vya milima ya huko
kuna kitu kinachometa kama theluji.
Wataalamu wanabishana.
Wapo wanaosema ni madini ya risasi:
yalipaa mvuke kutoka bondeni,
yakakuta ubaridi kidogo juu,
yakatulia.

Nikachungulia sufuria. Utando wa kijivu
umeshajikusanya pembeni; nikauengua kwa kijiko.
Chini yake, kioo.

"Swali la mwisho, mjomba: taja sababu mbili
za kuiita pacha wa dunia."
Andika ukubwa, nikamwambia.
La pili niachie mpaka kesho.
Nikampa elfu moja, na mia mbili ya maji,
nikamkataza kugusa ule mfuniko.